Kabla Hujanunua Pampu ya Maziwa, Jua Ilikotoka

Mama mpya akikaribia kumaliza likizo ya uzazi, maswali yote hugeuka kuwa moja: ninunue pampu gani? Ya mkono ama ya stima? Ile ya bei ya chini ama ile ya kumaliza akiba ya chama? Marafiki wanajibu. Shangazi anajibu. Mwenye duka la dawa naye anajibu, huku jicho likiwa kwa ile boksi iliyokaa rafuni miezi sita bila mnunuzi.

Mimi leo sianzi na aina za pampu. Naanza na historia, na kuna sababu. Hii mashine imepitia mikono ya watu wengi kabla ikufikie, na wengi wao hawakuwa wanakuwaza wewe unayerudi kazini Jumatatu ukiwa na mtoto wa miezi mitatu. Walikuwa na mambo yao. Ukijua walikuwa wanatafuta nini, utajua ununue nini. Na utajua pia kile kitu ambacho hakuna pampu itakupatia, hata ulipe pesa ngapi.

Mambo yalianza na kioo

Ulaya ya karne ya 16, watu walikuwa na vyombo vya kioo vyenye mrija mrefu. Mama anaweka mdomo wa kioo kwenye titi, anashika mrija, halafu ananyonya mwenyewe kutoka upande wa pili. Usicheke. Shida iliyokuwa inatatuliwa ilikuwa ya kweli: titi limejaa mpaka limekuwa jiwe, chuchu imeingia ndani, ama mtoto amefariki na maziwa bado yanakuja. Hakuna aliyekuwa anaweka maziwa akiba. Kifaa kilikuwa cha kumpunguzia mama maumivu, basi.

Halafu tunafika Marekani, tarehe 20 Juni 1854. Bwana mmoja kwa jina Orwell H. Needham akapewa hataza, yaani cheti cha kulinda ubunifu wake, ya pampu ya maziwa ya mama. Ndiyo ya kwanza ya aina hiyo kusajiliwa nchini humo. Sasa angalia ni kipindi gani. Miaka hiyohiyo wabunifu wa Marekani walikuwa mbioni kutafuta mashine ya kukamua ng'ombe. Wazo lilikuwa lilelile: kuna maziwa ndani, tafuta nguvu ya kuyavuta. Kama umewahi kukaa na pampu kifuani ukajiona kama uko kwa zizi la Githunguri, ujue hujakosea sana.

Kipindi hicho pia ndipo kulipoenea zile pampu za kioo zenye mpira wa kubinya nyuma, kama honi ya baiskeli ya zamani. Unabinya mpira, unaachilia, unavuta. Zilikuwa rahisi kutengeneza na bei yake ilikuwa ya kila mtu. Lakini zilikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza, huwezi kupima nguvu ya kuvuta, kwa hivyo ziliumiza. Ya pili, maziwa hurudi nyuma yakaingia kwa ule mpira, na ndani ya mpira hakuna brashi inafika. Uchafu unakaa humo na maziwa ya leo yanapita juu ya ya juzi.

Nimezitaja kwa sababu ziko hapa. Ingia maduka ya dawa ya mtaani leo na utazipata, plastiki imechukua nafasi ya kioo, bei ya kuvutia. Kasoro ni zilezile za babu yake.

Mcheza chesi na watoto njiti

Miaka ya 1920 ikaleta mtu ambaye hungemtarajia kwenye hii stori. Edward Lasker alizaliwa 1885 katika himaya ya Ujerumani, akahamia Marekani. Alikuwa mhandisi, na alikuwa pia bingwa wa chesi aliyekaa mezani na wakubwa wa dunia. Mwaka 1924 alicheza kwenye mashindano makubwa ya New York pamoja na Capablanca na Alekhine. Mtu huyu ndiye aliyetengeneza pampu ya maziwa inayoendeshwa na mashine badala ya mkono wa mama.

Wateja wake hawakuwa akina mama wanaorudi ofisini. Ilikuwa kwa ajili ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao wakiwa hawana hata nguvu ya kunyonya. Mtoto kama huyo maziwa ya mama ni dawa, lakini mdomo wake hauwezi kuyatoa. Mashine ikayatoa kwa niaba yake. Ilikuwa kubwa, ghali, na makao yake yalikuwa hospitalini. Iliokoa watoto na ikamtajirisha Lasker.

Lakini bado kulikuwa na tatizo: kuumia. Jibu zuri likatoka Sweden. Einar Egnell, mhandisi, alifanya kitu ambacho wengi kabla yake hawakukifanya: alikwenda kwa akina mama wenyewe akapima. Alifanya kazi na muuguzi wa Stockholm, Maja Kindberg, na mwaka 1956 akachapisha alichokiona. Kwa ufupi, titi si tangi. Kuvuta kwa nguvu zaidi hakuleti maziwa zaidi, kunaleta vidonda. Kinachohitajika ni mdundo: vuta kidogo, achilia, pumzika, vuta tena, kama anavyofanya mtoto. Pampu yake ikaitwa SMB, herufi zinazotokana na jina la yule Sista Maja. Mimi hiyo napenda sana. Angalau mara moja, kwenye historia iliyojaa wanaume na mashine, jina la nesi limebaki.

Nesi na mhandisi hawa wawili ndio waliotupa kanuni ambayo inafaa iandikwe kwenye kila boksi: ikiuma, kuna kitu si sawa.

Kutoka wodini hadi kwa mkoba wa ofisi

Kampuni ya Medela ilianzishwa Uswisi mwaka 1961 na Olle Larsson, Msweden. Kwa miaka mingi pampu nzuri za umeme zilibaki za hospitali, ama unakodisha. Mambo yakageuka miaka ya 1990. Kampuni hiyo ikaleta pampu ya umeme ya nyumbani, na mwaka 1996 ikatoa moja iliyofichwa ndani ya mkoba mweusi unaofanana na mkoba wa kazi. Jina lake lilikuwa Pump In Style.

Hebu tulia na huo mkoba kidogo. Kwa nini pampu ijifiche? Kwa sababu mteja alikuwa amebadilika. Hakuwa tena mama wa mtoto njiti. Alikuwa mwanamke aliyevaa suti, anayepanda lifti, ambaye hataki mtu ajue kwamba kifuani kwake kuna kazi nyingine inaendelea. Na mbona alikuwa kazini na mtoto mchanga hivyo? Kwa sababu sheria ya Marekani ya mwaka 1993 ilimpa wiki 12 za likizo bila malipo, na hata hizo si kwa kila mfanyakazi. Mwenye kodi ya nyumba hawezi kula likizo isiyo na mshahara.

Serikali ya Marekani ilipokuja kumsaidia, ilimsaidia vipi? Sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010 ikataka bima zimlipie pampu. Mashine alipewa. Muda wa kukaa na mtoto, kwa malipo, mpaka leo sheria ya nchi nzima haijampa.

Sasa linganisha na Sweden, nchi ya Egnell na Sista Maja. Wao ndio waliotuonyesha pampu isiyoumiza. Lakini mwaka 1974 Sweden ikawa nchi ya kwanza duniani kuwapa wazazi wote wawili, baba na mama, likizo ya malipo ya kugawana. Mwanzoni ilikuwa miezi 6. Siku hizi ni siku 480 kwa kila mtoto. Waliokuwa na pampu nzuri hawakuitegemea pampu. Waliona kwamba mashine ni ya hospitali na ya dharura, na kwamba mtoto wa kawaida anahitaji mzazi aliye karibu.

Njia ni mbili basi. Nchi inampa mama muda, ama inampa mashine. Kenya tulichagua gani?

Sisi tulikuwa wapi?

Kukamua maziwa kwa mkono si kitu cha kuletewa na mtu. Kila mahali palipo na mama na titi lililojaa, mkono umefanya kazi. Mama aliyekwenda shamba alimbeba mtoto mgongoni kwa leso, akilia anageuzwa mbele. Mahali pa kazi na mahali pa kunyonyesha palikuwa pamoja. Ajira ya mshahara ndiyo iliyovitenganisha: kazi ikabaki mjini, mtoto akabaki nyumbani na yaya, na katikati kukawa na saa tisa na foleni ya Thika Road.

Pengo hilo kuna waliolipenda. Miaka ya 1970 kampuni za maziwa ya kopo ziliingia hospitali za Afrika, nyingine zikituma wanawake wauzaji waliovaa kama manesi. Mama anapewa sampuli ya bure, maziwa yake yanakauka kwa sababu hayanyonywi, halafu kopo likiisha hana pesa ya kununua lingine. Anachanganya maji mengi, tena maji machafu. Watoto walikufa. Mwaka 1974 shirika la War on Want la Uingereza likatoa ripoti iliyoitwa The Baby Killer, na mwaka 1977 watu wakaanza kususia bidhaa za Nestlé. Mei 1981 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ukapitisha kanuni za kudhibiti matangazo ya maziwa ya kopo. Nchi 118 zilikubali. Iliyopinga ilikuwa moja tu, Marekani. Kenya ilikuja kuwa na sheria yake kamili ya jambo hili mwaka 2012. Miaka 31 baadaye, lakini ikaja.

Na likizo je? Sheria ya Ajira ya mwaka 1976 ilimpa mama miezi 2 ya malipo, halafu ikamnyang'anya likizo yake ya kawaida ya mwaka huo. Yaani kuzaa kulihesabiwa kama ulienda kupumzika. Sheria ya 2007 ikarekebisha: miezi 3 na mshahara kamili, na likizo yako ya mwaka inabaki yako.

Lakini sasa fanya hesabu ya darasa la pili. Tangu 2001 Shirika la Afya Duniani linasema mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Hata maji, hapana. Kliniki yako ya serikali inakuambia hivyohivyo. Sheria ya kazi inakupa miezi 3. Sita toa tatu, inabaki tatu. Hiyo miezi 3 nani analipa? Wewe. Pampu yako, chupa zako, friji yako, tokeni zako za stima, na mapumziko yako ya mchana.

Angalia takwimu za nchi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2003 ulikuta watoto 13 tu kati ya 100 walio chini ya miezi 6 wakinyonya maziwa ya mama pekee. Mwaka 2008-09 walikuwa 32. Mwaka 2014, 61. Hiyo ni kazi kubwa ya manesi na wahudumu wa afya wa vijijini, wapewe maua yao. Lakini 2022 tulipohesabu tena, 60. Tumekwama. Maoni yangu: mafunzo yamefika mahali yanaweza kufika. Mama anajua. Asichokuwa nacho ni muda.

Sheria nzuri, chumba hakuna

Haki isemwe, Bunge lilijaribu. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 71, inamtaka mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea na kukamulia maziwa. Imeorodhesha mpaka vifaa: mahali pa kunawa mikono, friji au njia nyingine ya kupoza, soketi ya umeme ya pampu, meza ndogo, viti vya starehe. Kifungu cha 72 kinakupa muda wa kunyonyesha ama kukamua, juu ya ule wa chakula, usiozidi saa moja kwa kila saa 8 za kazi. Soma tena. Si hisani ya bosi. Ni sheria.

Halafu ikafika tarehe 7 Agosti 2019. Zuleikha Hassan, mwakilishi wa wanawake wa Kwale, akaingia bungeni na mtoto wake wa miezi 5. Alipatwa na dharura, hakuwa na wa kumwachia. Akaamriwa atoke nje na mtoto wake, na baadhi ya wabunge wenzake wanawake wakatoka naye. Alisema wazi kwamba kungekuwa na chumba cha watoto pale bungeni, angemwacha humo. Nyumba iliyoandika kifungu cha 71 ndiyo iliyomtoa mama nje.

Kama mbunge, na mshahara ule na walinzi wale, anaweza kutolewa, wewe wa kaunta ya benki unakamulia wapi? Najua jibu, kwa sababu rafiki yangu alilifanya kwa miezi minne: chooni, amekalia kifuniko, pampu mapajani, mtu akigonga mlango. Hakuna anayeandaa chakula chooni. Na hapo bado sijamtaja mama mboga, fundi wa kushona, dada wa nyumbani anayelea mtoto wa mwenzake huku wake yuko kijijini. Hao hawana hata bosi wa kumwonyesha kifungu.

Kuna jambo moja la kujivunia. Mwaka huohuo wa 2019, hospitali ya Pumwani ilifungua benki ya maziwa ya mama, ya kwanza nchini. Mama mwenye maziwa ya ziada anapimwa, anachangia, maziwa yanachemshwa kwa kiwango maalum kuua vijidudu, kisha yanapewa watoto njiti na wale ambao mama zao hawawezi kunyonyesha. Hapo pampu imerudi kwenye kazi yake ya tangu enzi za Lasker.

Sasa tununue nini?

Historia imetupa majibu, tuyapange.

Kwanza, jiulize kazi ya pampu. Kama mtoto uko naye siku nzima na unataka tu kutoka mara moja kwa wiki, mkono wako unatosha, ama pampu ya mkono yenye mpini. Kama mtoto ni njiti na yuko wodini, ongea na manesi kuhusu pampu ya hospitali kabla hujanunua yako. Kama unarudi kazini siku tano kwa wiki, hapo ya umeme ya matiti mawili kwa pamoja itakuokolea dakika, na dakika ndizo utakazokosa.

Pili, kumbuka Stockholm. Tafuta mdundo, si nguvu. Anza chini kabisa, panda mpaka pale panapokufaa, ishia hapo. Kama kuna uchungu, angalia saizi ya ile funeli inayokaa kwenye titi. Chuchu ikisugua pembeni, funeli ni ndogo. Akina mama wengi wanalaumu pampu na shida ni funeli.

Tatu, kumbuka ule mpira wa honi. Kila sehemu inayoguswa na maziwa lazima ifunguke na ioshwe. Ndiyo maana pampu ya mtumba ni hatari: kama maziwa ya mwenzako yaliwahi kuingia kwa mrija ama kwa mota, hutayaosha. Chupi ya mtumba hununui, sasa hii?

Nne, Kenya Power ni Kenya Power. Ukinunua ya umeme, hakikisha ina betri. Na bado jifunze mkono: osha mikono, weka dole gumba juu na vidole chini ya titi kama herufi C, nyuma kidogo ya ile sehemu nyeusi. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achilia. Rudia, zungusha vidole. Usiburute ngozi. Haina bei na haiishi chaji.

Tano, maziwa mabichi yaliyokamuliwa hukaa mezani mpaka saa 4 kama hakuna joto kali, kwenye friji mpaka siku 4, kwenye friza ni vizuri yasipite miezi 6. Andika tarehe. Mtoto anaweza kupewa kwa kikombe kidogo kisafi. Ni rahisi kuosha kuliko chupa.

Na usijipime kwa mililita. Mtoto anayenyonya vizuri hutoa zaidi ya pampu. Chupa ikiwa robo haimaanishi huna maziwa. Inamaanisha mashine ni mashine.

Kuna kitu hakiuzwi duka la dawa, nacho ni miezi 3 iliyokosekana. Pampu haitawahi kuifidia; itakusaidia tu kuivuka. Kwa hivyo siku ukinunua pampu, andikia ofisi yako barua fupi. Taja Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 71 na 72. Uliza kwa heshima: chumba kiko wapi, na saa yangu ni ipi? Weka nakala. Na baba mtoto, kama umesoma mpaka hapa, kazi ya kuosha vile vifaa usiku ni yako.